Sir John Kirk: Tabibu aliyeonja sumu ya mishale

JINA la Sir John Kirk hutajwa zaidi katika historia ya Zanzibar. Ndiye balozi wa Uingereza aliyemshinikiza Sayyid Barghash bin Said kutia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini mwaka 1873. Wapenda wanyama nao hulikumbuka kwa sababu ya kima punju wa Unguja, ambaye wanasayansi walimpa jina la balozi huyo. Kisa kisichosimuliwa sana ni kile cha mswaki wake. Ni kisa kifupi, tena cha bahati tu, lakini ndicho kilichoanzisha safari ndefu iliyokuja kuwaeleza wanasayansi namna chembe za neva za binadamu zinavyopata nguvu ya kupelekeana habari.

Kwa wakazi wa Kwale na pwani nzima ya kusini mwa Kenya, chanzo cha kisa hicho si kigeni hata kidogo. Kabla ya sheria kuingilia kati, jamii za Mijikenda, pamoja na majirani wao Wakamba na Wawaata, ziliwinda kwa mishale ya sumu katika misitu na nyika za eneo hili. Mti uliotumika zaidi ni msungu, ambao wataalamu wa mimea huuita Acokanthera. Vipande vya mti huo hukatwakatwa, vikachemshwa kwa saa nyingi hadi maji yakawa uji mzito mweusi kama lami. Uji huo hupakwa kwenye chembe ya mshale, kisha huviringishiwa ngozi nyembamba ili usikauke, na ili asiyekusudiwa asichubuke.

Waliopika sumu hiyo walikuwa na njia yao ya kuipima. Mpimaji alijichanja kidogo na kuiacha damu itiririke, kisha akaigusisha sumu kwenye ncha ya chini ya mtiririko ule. Damu ilianza kuwa nyeusi, na weusi ukapanda kuelekea kwenye jeraha. Kasi ya kupanda ndiyo iliyomwonyesha ukali wa sumu, naye alipaswa kuifuta kabla haijafika kwenye mwili. Wamijikenda huiita sumu hiyo utsungu, neno lililo ndugu wa uchungu katika Kiswahili, na kweli ni chungu mno ulimini.

Uchungu huo ndio alioonja Kirk, ingawa ulitoka kwenye mmea mwingine wa jamii hiyohiyo ya mimea.

John Kirk alizaliwa tarehe 19 Desemba 1832 huko Barry, katika jimbo la Forfar nchini Scotland. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh na kuhitimu mwaka 1854. Chuo hicho wakati huo kilikuwa kitovu cha elimu ya sumu na dawa. Profesa wa elimu ya dawa, Robert Christison, aliamini kwamba tabibu hana haki ya kuzungumzia sumu asiyoijua. Mwaka 1855 alikula kipande cha kunde ya Calabar, mbegu iliyotumiwa Nigeria kuwahukumu watuhumiwa wa uchawi, akaponea chupuchupu. Kijana aliyelelewa katika mazingira ya namna hiyo hangeweza kuuona mshale wenye sumu akapita bila kuuliza umepakwa nini.

Baada ya kuhudumu katika hospitali ya raia karibu na mlangobahari wa Dardanelles wakati wa Vita vya Crimea, Kirk aliteuliwa mwaka 1858 kuwa tabibu na mtaalamu wa mimea katika msafara wa David Livingstone wa mto Zambezi. Msafara huo ulijaa magomvi, homa na vifo. Mwaka 1860 mtumbwi wa Kirk ulipinduka katika maporomoko ya Kebrabasa, na sehemu kubwa ya maandishi yake kuhusu mimea ikachukuliwa na maji. Hata hivyo aliendelea kukusanya upya.

Katika bonde la mto Shire, kusini mwa nchi ambayo leo ni Malawi, wawindaji walitumia sumu iliyoitwa kombe. Kirk alitaka kuujua mmea wake. Wenyeji, nao wakiwa na akili zao, walimletea mimea ambayo siyo. Hawakuwa na sababu ya kumpa mgeni siri ya silaha yao, hasa katika bonde lililokuwa likivamiwa na wateka watumwa. Hatimaye, katika kijiji cha Chibisa, aliuona mtambaazi umepanda juu ya mti mrefu, akaushuku, na maswali yake yakathibitisha kwamba ndio wenyewe. Sampuli zake zilipelekwa Uingereza, na mtaalamu Daniel Oliver wa bustani ya Kew akaupa jina la Strophanthus kombe. Mitambaazi ya jamii ya Strophanthus humea pia katika misitu ya pwani ya Kenya.

Mswaki ndio ulioleta habari nyingine. Kirk alikuwa ameuweka mfuko mmoja na sumu hiyo, na unga kidogo ukaushika. Asubuhi moja, akiwa mgonjwa, alipiga mswaki na kuhisi uchungu usio wa kawaida mdomoni. Mtu mwingine angetema na kusukutua. Kirk alijishika kiganjani kuhesabu mapigo ya moyo, akakuta yamepungua kasi. Aliuhusisha uchungu ule na mapigo yale, na Livingstone akaitaja habari hiyo katika kitabu cha safari yao kilichotolewa mwaka 1865, akitumaini kwamba siku moja ingekuwa dawa.

Ni nini hasa kilichotokea mwilini mwa Kirk asubuhi ile? Yeye mwenyewe hakuweza kujua, wala hapakuwa na mtu duniani ambaye angeweza kumweleza. Jibu lilichukua karibu miaka 100, na ni vyema lielezwe hapa kabla ya kuendelea na maisha yake.

Mwili wa binadamu una mabilioni ya chembe za neva. Kila chembe ina mkia mwembamba unaofanana na waya, mwingine mrefu kuanzia uti wa mgongo hadi kwenye kidole cha mguu. Chembe inapotulia, ndani yake huwa na potasiamu nyingi, na nje yake huwa na sodiamu nyingi, ile iliyomo katika chumvi ya mezani. Tofauti hiyo ni kama maji yaliyozuiwa na kingo za bwawa. Ishara inapokuja, malango madogo katika utando wa chembe hufunguka, sodiamu ikaingia kwa kasi, kisha potasiamu ikatoka. Badiliko hilo la umeme hukimbia kwenye mkia mzima kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Mwisho wa mkia umeme hukoma. Kati ya chembe moja na nyingine pana mwanya mwembamba sana, na hapo habari huvushwa kwa kemikali. Chembe ya kwanza humwaga kemikali hiyo katika mwanya, nayo hutua kwenye vipokezi vya chembe ya pili, ama kuiamsha ama kuituliza. Dawa nyingi na sumu nyingi za neva hufanya kazi zake hapo mwanyani. Kunde ya Calabar huzuia kemikali moja, asetilikolini, isivunjwevunjwe kwa wakati, hivyo ujumbe ukarudiwa mno. Mnanaha, unaojiotea kando ya njia kwingi pwani, hufanya kinyume chake. Huziba vipokezi vya asetilikolini, na ndiyo maana mtu aliyeula hukaukwa na mate, mboni za macho zikatanuka, moyo ukamwenda mbio na akili zikamruka.

Sumu ya kombe na ya msungu ni za namna nyingine. Baada ya ishara nyingi kupita, sodiamu iliyoingia lazima itolewe na potasiamu iliyotoka irudishwe, ama sivyo bwawa litakauka. Kazi hiyo hufanywa na pampu ndogo zilizomo katika utando wa chembe. Kila mzunguko mmoja hutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, na pampu hizi hutumia sehemu kubwa ya nishati ya ubongo. Sumu ya mshale huishika pampu na kuikwamisha. Katika misuli ya moyo, sodiamu inayobaki ndani husababisha kalisiamu nayo kurundikana, na moyo hupiga kwa nguvu zaidi. Wakati huohuo sumu huiongezea nguvu neva iitwayo vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni kuuamuru upunguze mwendo. Kirk alipojishika kiganjani, kilichopunguza kasi ya mapigo yake yaelekea kilikuwa hasa amri ya neva hiyo. Dozi ikizidi, mpangilio huvurugika na moyo husimama, na hicho ndicho kinachomwangusha mnyama aliyepigwa mshale.

Kirk alirejea Uingereza mwaka 1863, na mwaka 1866 akapelekwa Zanzibar kuwa tabibu wa ubalozi. Alipanda ngazi haraka. Kufikia mwaka 1873 ndiye aliyekuwa balozi, na tarehe 5 Juni mwaka huo Sayyid Barghash alitia saini mkataba baada ya kutishiwa kwamba manowari zingekizingira kisiwa. Soko la watumwa la Zanzibar likafungwa.

Mkataba ule uliiletea pwani ya Kwale balaa jipya. Bahari ilipofungwa, wafanyabiashara waliwaswaga watumwa kwa miguu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, wakipitia Pangani na Vanga na kuvuka nchi ya Wadigo. Kirk alimbana tena Sultani, na mnamo Aprili 1876 misafara ya nchi kavu nayo ikapigwa marufuku. Amri ya karatasi ilikuwa nyepesi kuliko utekelezaji wake. Masimulizi ya wenyeji bado yanalitaja pango la Shimoni kuwa mahali watumwa walikofungiwa.

Kirk alikuwa pia na mkono katika kuanzishwa kwa jeshi jipya la Sultani, lililoongozwa na Luteni Lloyd Mathews kuanzia mwaka 1877. Ni jeshi hilo lililoizingira ngome ya Mwele mwaka 1882, katika vilima vya bara ya Gasi, kumsaka Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui ambaye hakutaka kuitambua mamlaka ya Zanzibar. Mbaruk aliponyoka, na aliendelea kuwasumbua watawala hadi mwaka 1896.

Pigo kubwa zaidi halikumpata Mbaruk bali Barghash mwenyewe. Wajerumani walipodai bara ya Sultani mwaka 1885, London iliamua kutowaudhi, na Kirk, aliyemhakikishia Barghash kwa miaka mingi kwamba Uingereza ni rafiki, alilazimika kumshauri akubali. Mwaka uliofuata aliondoka Zanzibar, na kabla mwaka huo haujaisha mataifa hayo mawili yakachora mpaka kuanzia mlango wa mto Umba. Mstari huo ndio unaoifanya Vanga iwe Kenya na majirani zake wa kusini wawe Watanzania. Ni vigumu kumwondolea Kirk lawama yote. Alimjua Barghash kuliko Mwingereza mwingine yeyote, na baadaye alikuwa miongoni mwa wakurugenzi wa kampuni ya IBEA iliyoitawala pwani hii.

Muda wote huo mwenzake mmoja wa Edinburgh alikuwa akishughulika na kombe. Thomas Fraser, mwanafunzi wa Christison aliyeandika tasnifu juu ya kunde ya Calabar mwaka 1862, alipata mbegu na sumu kutoka Afrika, akaitenga kemikali yenyewe na kuiita strofanthini. Mwaka 1885 aliwatangazia madaktari wenzake kwamba inawafaa wagonjwa wa moyo dhaifu. Mbegu za mtambaazi uliofichwa kule Chibisa zikawa bidhaa ya kupakiwa melini.

Dawa hiyo haikuwa rahisi kutumia. Ikimezwa, ni sehemu ndogo tu inayofika katika damu, tena kwa kiasi kisichotabirika. Wawindaji walilijua jambo hilo kwa vitendo. Walikata nyama iliyozunguka jeraha la mshale wakaitupa, iliyobaki wakaila na wasidhurike. Madaktari wa Ulaya walisumbuka kwa miaka 20 na matone ya kunywa yaliyomfaa huyu na kutomfaa yule, hadi mwaka 1906 Albert Fraenkel alipoanza kuitia moja kwa moja katika mshipa wa damu. Ndiyo njia ya mshale, isipokuwa dozi yake ilipimwa.

Kirk aliishi uzeeni Sevenoaks, kusini mwa London, akiwa amekwisha kupewa cheo cha Sir. Alifariki huko tarehe 15 Januari 1922, akiwa na umri wa miaka 89. Mwaka mmoja kabla, mjini Graz nchini Austria, Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya vyura, wa kwanza ukiwa bado na neva yake ya vagasi. Aliisisimua neva hiyo, moyo ukapunguza mwendo. Kisha alichukua majimaji yaliyouzunguka moyo huo akayamimina kwenye wa pili, nao ukapunguza mwendo bila kuguswa na neva yoyote. Hivyo ndivyo ilivyothibitishwa kwamba neva huzungumza kwa kemikali, na kemikali yenyewe ikaja kutambuliwa kuwa asetilikolini. Neva ileile iliyoyapunguza mapigo ya Kirk ndiyo iliyotoa siri hiyo.

Siri ya pampu ilibaki. Mwaka 1953 mtaalamu mmoja, Hans Schatzmann, alionyesha kwamba dawa za moyo za jamii hii huzuia chembe nyekundu za damu zisibadilishane sodiamu na potasiamu. Kule Aarhus, Denmark, daktari Jens Christian Skou alikuwa akizisaga neva za miguu ya kaa ili aone dawa za ganzi zinafanyaje kazi. Kaa hao ni jamaa wa hawa wanaokimbilia mashimoni mtu anapopita ufukweni Diani. Katika neva zao aligundua kimeng'enya kilichochangamka pale tu palipokuwa na sodiamu na potasiamu kwa pamoja, akachapisha matokeo yake mwaka 1957.

Skou hakuwa na hakika kwamba alichokipata ndicho pampu. Mwaka 1958, akiwa katika mkutano Vienna, alikutana na Mmarekani Robert Post, ambaye alimuuliza iwapo kimeng'enya chake kinazuiwa na wabaini. Wabaini ni sumu ya msungu, na jina lake lilitolewa kwenye neno la Kisomali la sumu ya mishale. Skou alipiga simu Aarhus na kuomba wajaribu, na jibu likawa kwamba kinazuiwa. Kimeng'enya na pampu vilikuwa kitu kimoja. Mwaka 1997 alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia.

Wavuvi wa pwani ya kusini wanamjua pia bunju, samaki anayejivimbisha, na wanajua kwa nini halitiwi chunguni. Sumu yake haigusi pampu bali huziba yale malango ya sodiamu, hivyo ishara haianzi kabisa na mtu hupooza hadi pumzi ikakatika huku akili zake zikiwa timamu. Wataalamu walipokuwa na sumu moja ya kuziba lango na nyingine ya kukwamisha pampu, waliweza kuitenganisha kazi ya kila kimoja, jambo ambalo darubini peke yake isingewapa.

Mgonjwa wa moyo anayepewa vidonge vya dijoksini, awe Msambweni au Aarhus, anatumia dawa inayoishika pampu hiyohiyo. Dijoksini hutokana na mmea wa Ulaya, na kwa kuwa inamezeka vizuri ndiyo iliyoishinda strofanthini sokoni. Nafasi kati ya dozi inayoponya na inayoua ni finyu kwayo kama ilivyokuwa kwa kombe, na daktari bado huanza kwa kushika kiganja cha mgonjwa na kuhesabu.

Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na tangu hapo ujuzi wa kupika utsungu umebaki kwa wazee wachache. Misungu yenyewe haikuacha kutumika. Mwaka 2011 watafiti walieleza kwamba panya mmoja mkubwa wa Afrika Mashariki, mwenye manyoya marefu mgongoni, huyatafuna maganda yake na kujipaka mate hayo kwenye manyoya ya ubavuni, na mbwa anayemng'ata huugua au kufa. Manyoya hayo yana vinyweleo vilivyotoboka kama sifongo, vinavyoishika sumu vizuri.